Usiikariri njia ya faili, iulize kompyuta

Wewe unayeanza kazi hii, hili litakufika. Utaandika skripti ya kusakinisha programu, kwenye Linux yako itakwenda vizuri, kisha utaipeleka kwenye seva ya FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta wa ukoo wa Unix. Ukiiendesha, unaambiwa haipatikani. Ukipiga ls, amri ya kuorodhesha faili, hiyo hapo!

Mimi lilinila mchana mzima. Nikabadilisha ruhusa, nikainakili upya, wapi. Kumbe kisichopatikana si skripti, ni bash, programu inayosoma na kutekeleza amri za skripti, niliyoitaja kwenye mstari wa kwanza: #!/bin/bash. FreeBSD haiji na bash, na ukiisakinisha inakaa /usr/local/bin/bash. Tangu hapo naanza na #!/usr/bin/env bash, ili env iitafute yenyewe kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu. Na kama huhitaji mambo ya bash pekee, tumia #!/bin/sh tu.

Kila mfumo una desturi yake. FreeBSD hutenga kabisa: mfumo wenyewe kando, vya kuongezea vyote /usr/local, hata mipangilio. Ndiyo maana nginx.conf, faili ya mipangilio ya seva ya wavuti nginx, utaikuta /etc/nginx kwenye Debian (Linux mojawapo), ila kwenye FreeBSD iko /usr/local/etc/nginx. NetBSD na pkgsrc yake, mfumo wa kusakinisha programu, hutumia /usr/pkg. Homebrew, kisakinishi cha programu, iko /usr/local kwenye Mac za Intel, na /opt/homebrew kwenye zile za chipu ya Apple. Linux zenyewe kwa zenyewe hazielewani: maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) za biti 64 Fedora huziweka /usr/lib64, Debian /usr/lib/x86_64-linux-gnu.

Orodha hiyo usiikariri. Command -v python3 itakuonyesha python3 ilipo (amri yenyewe andika kwa herufi ndogo), pkg-config itakupa njia za maktaba, uname -s itakutajia mfumo uliomo.

Ukijenga programu kutoka kwenye msimbo, shika tofauti hii, maana wengi huichanganya. Njia unayoipa ./configure, skripti ya kuandaa ujenzi, kwa --prefix mara nyingi huandikwa ndani ya programu yenyewe, nayo itatafuta mipangilio yake humo siku zote. DESTDIR ni mahali pa kuweka faili kwa muda wakati wa make install (amri ya kusakinisha ulichojenga), ukitengeneza kifurushi. Ukiweka njia ya muda kwenye --prefix, programu itafunguka kwako, na kwa mwenzako itatafuta folda uliyokwisha kuifuta.

Kabla ya kumpa mtu skripti yako, ipitishe kwenye grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, utafute /usr na /opt. Kila mstari utakaojitokeza, ujiulize nani alikuhakikishia njia hiyo.