Jibu: Je, kompyuta imekariri mechi zote za sataranji?

Hapana ndugu, haijakariri. Mechi zinazowezekana ni nyingi mno. Inachofanya ni kupekua: nikienda hapa atajibu vipi, nami nitamjibu vipi, kisha kila hali ya ubao inapewa alama kwa kuhesabu kete zilizobaki. Askari 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomfunga bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997, ilipekua hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Ujanja wenyewe ni kukata matawi, yaani kuacha kupekua njia zisizofaa: ukishaona hatua fulani inakupotezea malkia bure, majibu mengine ya mpinzani ya nini tena?

AlphaZero, programu ya 2017, ilipewa kanuni tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Hiyo iache kwanza, inataka mashine za bei mbaya.

Kwa kuwa umesema pia unataka kuandika programu yako ya kucheza sataranji, anza na ule mchezo wa duara na msalaba wa miraba 9, mpaka isishindwe kabisa. Ukihamia sataranji, kanuni za kete iachie python-chess, maktaba ya lugha ya Python inayozijua tayari, wewe shughulika na upekuzi na alama. Ila usiiache programu ikomeshe upekuzi katikati ya kulana kete: itafurahia askari iliyemla, kumbe hatua inayofuata malkia wake ndiye analiwa.