Ombi la Mwanafunzi wa Sheria Mwenye Ulemavu Lazima Liwe na Nafuu

Barua nyingi za wanafunzi wenye ulemavu hueleza shida kwa kurasa mbili, kisha humalizia na "naomba msaada wenu". Anayeisoma anaingiwa na huruma, anaiweka kwenye faili, na mtihani unafika mambo yakiwa vilevile. Mwanafunzi wa sheria ana silaha bora kuliko hiyo. Unajua hati ya madai inavyopangwa: ukweli wa mambo, msingi wa kisheria, halafu nafuu zinazoombwa, yaani hatua unazotaka zichukuliwe, kila moja na herufi yake. Andika ombi lako hivyo hivyo, uwe Makumira pale Usa River, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, au unasoma Chuo Kikuu Huria kupitia vituo vyake vya Arusha na Kilimanjaro.

Msingi wa kisheria ni mfupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 2 inaeleza marekebisho stahiki: mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyombebesha anayeyatoa mzigo uliopitiliza. Ibara hiyo hiyo inasema kuyanyima ni ubaguzi, na Ibara ya 24(5) inaitaja elimu ya juu. Nyumbani tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sentensi mbili za haya zinatosha kwenye barua ya kwanza. Ukijaza aya sita za vifungu, msomaji ataona ameshashtakiwa, ataipeleka kwa mwanasheria wa chuo, na wiki zitakatika bure.

Kazi kubwa iko kwenye ripoti ya daktari, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Daktari wa hospitali ya KCMC au Mount Meru akiulizwa tu "niandikie barua", ataandika jina la ugonjwa na kugonga muhuri. Mkuu wa mitihani akisoma "glakoma" hajui afanye nini. Nenda na karatasi uliyoandika maswali manne: hali hii inaathiri vipi kusoma, kuandika, kukaa au kutembea, ni ya kudumu au inapanda na kushuka, dawa zake zina athari gani darasani, na daktari anapendekeza nini kwenye mtihani wa saa tatu. Swali la pili ni muhimu zaidi kwa wenye kifafa, selimundu, kisukari au maradhi ya akili, kwa sababu wanaonekana wazima siku ya kupeleka barua. Wakati uko hospitali, toa nakala nyingine ya kupeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Bodi ya Mikopo hutaka uthibitisho wa ulemavu upitie kwake, na ni afadhali safari iwe moja.

Kama Baraza la Mitihani (NECTA) lilikuongezea muda kidato cha nne au cha sita, omba shule yako ya zamani ikuandikie uthibitisho. Utaratibu wa NECTA kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu ni dakika 10 za ziada kwa kila saa, na dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati. Huo ni mfano ambao chuo kitaona ugumu kuukataa. Lakini usiuchukue kama kikomo. Mtihani wa sheria una maswali ya visa: Asha kamuuzia Juma shamba, Juma kaliweka rehani, benki imekuja, ukurasa mzima. Anayesikiliza kwa programu ya kusoma skrini hawezi kurusha jicho juu kutafuta tarehe ya mkataba. Lazima asikilize upya. Kwa mtu huyo dakika 30 kwenye saa tatu ni chache. Omba robo ya muda, yaani dakika 45, na ueleze sababu kwa maneno hayo hayo.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Ielekezwe kwa Mlezi wa Wanafunzi, kupitia kwa Amidi wa kitivo, nakala kwa ofisi ya mitihani. YAH iseme kitu kinachoeleweka: "Maombi ya marekebisho ya masomo na mitihani, mwaka wa pili". Kisha nafuu, kwa mfano: (a) dakika 45 za ziada kwa kila mtihani wa saa tatu, (b) chumba cha peke yake chenye msimamizi, (c) karatasi ya maswali kwa herufi za ukubwa wa 20, (d) vitini na orodha ya kesi kwa faili la Word, wiki moja kabla ya kipindi. Kila nafuu iwe na sentensi moja ya kizuizi inachokiondoa. Ipeleke masjala, usiingize tu ofisini kwa mtu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Fanya hivyo ndani ya wiki mbili za kwanza za muhula, kwa sababu ratiba ya mitihani ikishabandikwa, kupata chumba na msimamizi wa ziada ni kazi.

Ripoti ya daktari iwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa Mlezi peke yake. Mhadhiri wa Sheria ya Ardhi hahitaji kujua una ugonjwa gani, anahitaji kujua akupe kitini lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sema hivyo kwa upole ukiombwa ripoti mahali pasipohusika.

Muda wa ziada bila chumba cha peke yake ni nusu ya nafuu. Saa ya tatu ikiisha, wenzako wanasukuma viti, wanajadili swali la nne mlangoni, na msimamizi anaanza kukusanya vitabu vya majibu. Viombe vyote viwili pamoja. Angalia pia ratiba: ukiwa na mtihani asubuhi na mwingine mchana, dakika 45 zinakula muda wako wa kula na kunywa dawa.

Anayeandikiwa na mwandishi msaidizi asikubali kumwona mwandishi kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Mwandishi huyo asiwe mwanafunzi wa sheria, maana chuo kitakuwa na haki ya kushuku, lakini awe ameshafanya mazoezi na wewe mara mbili angalau. Mzoezeshe kupigia mstari majina ya kesi, kuandika istilahi za Kilatini, na kutofautisha "Sura ya 6" ambayo ni Sheria ya Ushahidi na "kifungu cha 6". Kosa dogo la namba linakuondolea alama kwa jambo unalolijua.

Kwa anayetumia kompyuta, NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows. Omba kompyuta iwe ya chuo, isiyo na intaneti, na uijaribu siku tatu kabla ukiwa na vipokea sauti vyako. Iwe ya mkononi na yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazima na kazi yako. Iandikwe kabisa kwamba saa inasimama mtambo ukigoma, na kwamba majibu yatachapwa na kusainiwa kila ukurasa mbele yako.

Kuhusu kesi, nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Hukumu za karibuni huwa na maandishi yanayosomeka, ila nyingi za zamani ni picha ya karatasi, na programu ya kusoma skrini inakaa kimya. Kwenye NVDA, bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na R ili Windows itambue maandishi ya ukurasa ulio mbele yako. Hakiki namba zote baada ya hapo: moja inageuka herufi, mabano yanapotea, na kifungu cha 147(1) kinasomeka kitu kingine kabisa. Hii kazi inachukua saa nyingi, ndiyo maana orodha ya kesi inaombwa mapema.

Mwanafunzi kiziwi aombe wakalimani wawili wa lugha ya alama kwa kipindi kinachozidi saa moja, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mkalimani aliyechoka anaanza kuruka maneno, na kwenye sheria neno moja lililorukwa ni "isipokuwa". Wapewe muhtasari siku mbili kabla, mkubaliane alama za istilahi za wiki hiyo. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinaweza kukuelekeza kwa wakalimani.

Wenye ualbino waombe kiti cha mbele kilicho mbali na dirisha, maana mwanga unaopiga ubaoni unafuta kila kitu, na ruhusa ya kupiga picha ubao.

Kwa anayetumia kiti mwendo au magongo, omba kipindi kihamishiwe chumba cha chini kabla ya kuomba kujengewa chochote. Kuhamisha kipindi ni uamuzi wa siku moja. Mteremko uliojengwa vizuri unahitaji urefu mara 12 ya kimo: ngazi za sentimita 60 zinataka mteremko wa mita 7.2, nao unahitaji bajeti. Masika ya Machi hadi Mei geuza ombi lako liguse njia pia. Udongo wa huku ukilowa, magurudumu hayaendi. Usisahau mahakama ya mfano na mafunzo kwa vitendo. Tembelea mahakama utakayopangiwa wiki mbili kabla, uangalie ngazi, choo na kizimba, kisha uandike.

Ahadi ya mdomo ya mhadhiri mwema inakwenda naye akihamishwa. Kila mlichokubaliana, kiandikie barua pepe fupi jioni ile ile. Siku ya mtihani beba nakala ya kibali, msimamizi huenda hajaambiwa. Akikukatalia muda, andika juu ya kitabu cha majibu saa uliyoanza na saa uliyositishwa, maliza unachoweza, na upeleke malalamiko masjala siku hiyo hiyo. Ukisubiri matokeo yatoke na sapu (mtihani wa marudio) ndani yake, utaonekana unatafuta kisingizio.

Zikipita siku 14 bila jibu, andika barua ya kukumbusha ukirejea tarehe ya muhuri. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Hatua inayofuata ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Baadaye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Usiruke ngazi, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa huko juu ni kama ulimaliza njia za ndani.

Vibali vyote viweke kwenye faili moja, muhula kwa muhula. Ukienda Shule ya Sheria ya Tanzania, Dar es Salaam, baada ya shahada, utaomba upya, na ripoti ya daktari ya miaka minne iliyopita hawatalazimika kuikubali. Panga kuonana na daktari mwaka wa mwisho, kabla hujaondoka Moshi au Arusha, ukiwa bado karibu na hospitali yenye jalada lako.