Uko Mbeya, unaanza kuandika: habari unaitoa wapi?

Vijana wanaomaliza chuo na kuamua kuwa waandishi wa kujitegemea huku kwetu huniuliza swali lile lile: "Kaka, habari naipata wapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshajiunga na makundi ya WhatsApp ya waandishi na anasubiri mwaliko wa mkutano wa kiongozi fulani. Mimi nasema huko usianzie. Mkutano ule una mwandishi wa kila redio, gazeti na televisheni, na mhariri aliyeko Dar es Salaam ataletewa habari hiyo na mtu anayelipwa mshahara kabla wewe hujafika nyumbani. Utaambulia bahasha ya nauli, na hayo ya bahasha yana siku yake.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba mada si wazo la habari. Ukimwandikia mhariri, "Nataka kuandika kuhusu viazi vya Njombe," hatajibu, na sitamlaumu. Ukiongeza neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado hujafika, maana "wakulima walia na lumbesa" imeandikwa mpaka imechakaa. Kila msomaji anajua gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na kila msomaji ameyaona yanayozidi.

Basi nenda kasimame pale magunia yanaposhonwa. Usianze na maswali, salimia tu, kamwene, kisha angalia. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kipande juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja kwa mkono hadi vinasimama kama kilemba, ndipo kamba inapitishwa huku na huku kuvishikilia. Anayeshona ana ufundi wake, na kidole chake kina sugu pale kamba inapokatia. Sasa uliza mambo ya pesa. Mshonaji analipwa kwa gunia? Kamba ananunua nani? Mpakiaji je? Mkulima anauza kwa gunia, lakini Dar es Salaam mama anayekaanga chipsi ananunua kwa kilo au kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Ni wapi njiani gunia linageuka kuwa kilo, na tofauti inabaki kwa nani?

Hapo una wazo: gunia moja la viazi, kutoka shambani hadi kwenye sado, na malipo ya kila mkono unaoligusa. Sentensi mbili zinatosha kumwandikia mhariri, ukiongeza kwamba mshonaji na dereva wamekubali kuongea nawe. Hilo la mwisho ndilo linalomfanya akujibu, kwa sababu mwandishi aliyeko Dar hana namba ya mshonaji.

Fanya hivyo hivyo Tunduma. Foleni ya malori yanayosubiri kuingia Zambia imeandikwa sana. Wanaowapikia madereva, wanaowafulia, wanaolinda matairi usiku, hao hawajaandikwa vya kutosha.

Chanzo cha pili hakina mvuto, na ndiyo maana hakina ushindani: karatasi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa mbele ya wananchi. Nenda ukasikilize, au soma ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikiwasilishwa bungeni kila Aprili, wenzako watakimbilia mashirika makubwa yenye mabilioni. Wewe fungua ile ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, kisha panda bodaboda ukaone kilichoandikwa. Utakuta boma la zahanati limeishia kwenye lenta, majani yameota ndani, na jirani atakuambia ni nani alichangia tofali na mara ya mwisho fundi alionekana lini. Ukinyimwa nyaraka, omba kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa wenye ofisi siku 30 za kukujibu, na kutojibiwa nako ni sehemu ya habari yako.

Halafu zipo habari zilizoachwa njiani. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006 na likaandikwa sana. Kuna wafanyabiashara waliokuwa na mikopo siku ile. Waliimalizaje? Watoto wao wako kwenye vizimba gani leo? Kila moto, kila mafuriko ya Kyela, kila kiwanda kilichofungwa kina swali kama hilo, na waliohusika bado wanaishi mtaa ule ule. Ukiwafikia bila kamera ya mbio mbio wanaongea.

Habari za ajali sikushauri uzifanye kazi yako. Wahariri wakisikia Mbeya wanawaza lori lililofeli breki mteremkoni, na picha ya ajali hutumwa bure na kila mwenye simu. Labda umfuate fundi wa breki.

Kabla hujatuma wazo lolote, piga hesabu. Kwenda Ludewa na kurudi, kulala, bando, chakula. Uliza malipo mapema, tena bila aibu. Kama gazeti linalipa chini ya nauli yako, subiri hadi uwe na habari nyingine mbili za huko huko, uzifanye kwa safari moja na kuziuza kwa wahariri tofauti.