Madogo mnaotaka kazi ya uwindaji, someni hii kwanza

Kila msimu ukikaribia napigiwa simu, bro niunganishie kazi kitaluni, yaani kule porini kwenye eneo la kuwindia, maana uwindaji unafunguliwa tarehe 1 Julai na makampuni mengi ofisi zao ziko hapa hapa Arusha. Sawa ntakuunganisha. Ila wote mnaniulizia mshahara na tipu, hakuna anayeuliza atafanyaje siku mgeni aliyelipia kuwinda mbogo, siku zinamuishia, anaona dume la maana limesimama pembeni ya barabara anakwambia simamisha gari nipige hapa hapa.

Sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kupiga ukiwa kwenye gari, kuwinda usiku nako hakuna. Lakini tuseme ukweli, kule porini nani anakuona? Ni askari wa wanyamapori mliyeongozana naye, na yeye kachoka, anataka kurudi kambini.

Msimamo wangu ni kwamba mnyama lazima awe na nafasi ya kukushinda. Chukua soksi kuukuu, tia majivu, ning'iniza mkononi, uwe unaitikisa mnapotembea, majivu yakielekea alipo mbogo jua harufu yenu imeshamfikia au inamfikia sasa hivi, mzunguke upya. Mnafuata nyayo masaa, unagusa mavi kusikia kama bado yana moto, mnafika karibu kabisa mpaka unaona kupe sikioni, mgeni anaweka bunduki kwenye vile vijiti vitatu, upepo unageuka kidogo tu, kundi lote hilooo. Mgeni anatukana. Mwache atukane, mbogo kashinda kihalali.

Akikubana sana kuhusu gari mpe stori ya Roosevelt, rais wa Marekani, mwaka 1902 kule Mississippi walimfungia dubu kwenye mti ili apige kirahisi, akagoma, akasema wammalizie tu maana alishaumia. Yale madoli ya dubu ya watoto yanaitwa Teddy kwa sababu yake. Wamarekani wengi wanaijua hii, anacheka, anashuka garini mwenyewe.

Mgeni akijeruhi ni habari nyingine, mnyama huyo kwenye leseni keshahesabiwa, kwahiyo mnamfuata mpaka mumpate, na kwa mbogo hapo ndo roho inakaa mkononi maana anaweza kuzunguka akawasubiri kichakani.

Tipu ikipungua ipungue. Muulize mwindaji bingwa wako, yule anayemwongoza mgeni porini, mapema, kabla mgeni hajatua uwanja wa ndege wa KIA, hili la gari analisimamiaje. Akianza kuzungukazunguka nipigie, tutatafuta kambi nyingine.