Kabla Hujanunua Pro kwa Ajili ya Kibanda cha Gemu

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ana kibanda cha gemu Mbagala, alinijia na swali ambalo mimi nimekwisha kulilipia kwa fedha zangu. "Shikamoo mjomba. Nimepokea hela ya upatu. Ninunue PS5 Pro?" PS5 Pro ni toleo lenye nguvu zaidi la PlayStation 5, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony. Nilimjibu asinunue, nikamweleza sababu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa najua wapo wenye vibanda wengine wanaoipigia hesabu mashine hiyo hiyo, nimeona niziandike.

Mwaka 2018 nilikuwa na kibanda Tandika chenye PS4 tatu za kawaida. Nilikopa kwenye kikoba, nikaenda Kariakoo na kununua PS4 Pro kwa shilingi 1,200,000, ilhali ya kawaida ilikuwa ikiuzwa shilingi 750,000 katika duka lile lile. Niliiweka karibu na mlango ili wapita njia waione, nikapandisha bei ya mechi kutoka shilingi 500 hadi 800. Jioni ya kwanza walikaa vijana wawili, wakacheza mechi moja. Walipomaliza, mmoja alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akazitazama nyasi za uwanja kwa muda, kisha akaiweka pedi chini na kuniambia kwa upole, "Kaka, mpira ni ule ule." Wakaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wanaosubiri mashine za mia tano. Baada ya wiki mbili nilirudisha bei ya zamani, na tangu siku hiyo ile tofauti ya shilingi 450,000 ikawa deni la mechi 900, kabla sijahesabu kodi ya fremu wala riba ya kikoba.

Kijana yule alikuwa ameona sawasawa. PS4 Pro ilitoka Novemba 2016, miaka mitatu baada ya PS4, na Sony ilitaka kila gemu lichezeke kwenye mashine zote mbili, kwa hiyo hapakuwa na mchezo hata mmoja ambao mteja angeupata kwenye Pro pekee. Nguvu iliyoongezwa ililenga hasa picha za 4K, yaani picha kali zaidi kwa televisheni maalumu, nami televisheni yangu ilikuwa ya inchi 32 isiyo na uwezo huo. Umeme nao uliongezeka: Pro ya mwanzo iliandikwa kiwango cha juu cha wati 310, wakati ile PS4 nyembamba ya mwaka huo huo iliandikwa wati 165. Mwenye kibanda anayenunua LUKU kila baada ya siku mbili anajua uzito wa namba hizo.

Mtengenezaji ana hesabu yake, na kwake inaeleweka. Mwaka 2016 Andrew House, aliyekuwa akiongoza kitengo cha PlayStation, alieleza kwamba wachezaji wanaotaka picha bora kabisa huanza kuhamia kwenye kompyuta mashine inapofika katikati ya umri wake, naye alitaka wabaki. Mteja anayebaki huendelea kununua gemu, na kampuni hupata fungu lake katika kila gemu linalouzwa kwenye duka lake la mtandaoni. Hata hivyo, mwaka uliofuata Sony yenyewe ilisema kwamba kati ya PS4 tano zilizouzwa tangu Pro itoke, Pro ilikuwa takriban moja. Sisi wenye vibanda hatuuzi gemu. Tunauza muda wa kukaa mbele ya kioo, na muda huo una bei ile ile kwenye mashine yoyote inayowaka bila kukwama.

PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inatutoza zaidi. Nchini Marekani ilianza kuuzwa dola 699.99, tena bila sehemu ya kuingizia diski, ambayo wakati huo ilinunuliwa peke yake kwa dola 79.99 na huhitaji intaneti unapoifunga kwa mara ya kwanza. Ukiiacha sehemu hiyo, kila gemu utalipakua kwa bando, na hutaweza kununua diski iliyotumika wala kuiuza ukishaichoka. Kwa mtu wa kibanda, hasara hiyo ya mwisho naiona kubwa kuliko bei yenyewe.

Jambo la kuchunguza kwanza ni kile ambacho wateja wako wanacheza. Vibanda vingi ninavyovijua vinaishi kwa mpira, na gemu la mpira la EA Sports FC 26, la Septemba 2025, bado lilitolewa hata kwa PS4, mashine ya mwaka 2013. Kaa kibandani jioni ya Jumamosi, uhesabu ni wangapi wanaondoka kwa sababu viti vimejaa na ni wangapi wanaondoka kwa sababu picha haziwaridhishi. Mimi sikuwahi kumwona hata mmoja wa kundi la pili.

Ningemshauri tofauti mwenye ukumbi wenye kiyoyozi na televisheni kubwa za 4K, anayetoza kwa saa wateja ambao nyumbani tayari wana PS5. Mpwa wangu hayuko huko. Tulipohesabu jioni ile, aliona kuwa hela ya upatu ingemtosha kwa PS4 mbili zilizotumika, pedi nne mpya na feni ya ukutani, kwa sababu wateja wake wanne kati ya kumi alionitajia walikuwa wakilalamikia joto. Jumamosi asubuhi tulipanda daladala pamoja kwenda Kariakoo, na kila mashine tuliijaribu dukani kwa mechi nzima kabla ya kulipa.