Unahamia Mji Mwingine? Tazama Kwanza Watu Wanavyotembea

Mimi ni mtu wa Mombasa, na nimefanya kazi Nairobi miaka mingi. Vijana wa kwetu wanaokwenda kutafuta maisha huko huniuliza kodi ya nyumba na nauli za matatu. Nami huwaambia waanze na miguu: siku ya kwanza, simama pembeni mwa barabara ya Tom Mboya, katikati ya jiji, saa moja asubuhi, utazame watu wanavyopita.

Utaona kasi, na ina sababu zake. Nairobi iko juu na asubuhi kuna baridi, mwili wenyewe unataka kwenda. Kubwa zaidi, wengi wanaotembea hawanyooshi miguu, wanakwenda kazini. Mtu anatoka Kibera kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua, na akifika wenzake wameshachukuliwa getini, siku yake imekwisha. Mtu huyo akikupita bila salamu, usilichukue moyoni. Wewe shika mwendo wa wenzako, na ukitaka kupokea simu, jitoe kwanza ukutani. Ukisimama katikati ya njia unawazibia watu riziki.

Lakini usidanganyike kwamba mji wenye miguu myepesi una kila kitu chepesi. Mwaka 1999 watafiti Robert Levine na Ara Norenzayan walichapisha vipimo vya kasi ya maisha katika nchi 31: watu walitembea haraka kiasi gani, karani wa posta alichukua muda gani kuuza stempu, na saa za benki zilikuwa sahihi kiasi gani. Kwa kutembea, Kenya ilikuwa ya 9. Kwa stempu ilikuwa ya 30! Matokeo hayo huwa nayakumbuka kila nikiwa kwenye foleni ya ofisi. Ukiwa na shughuli ya karatasi, itengee asubuhi nzima na ubebe nakala za ziada.

Kwa wanaokuja Mombasa kutoka bara, nina neno pia. Msituite wavivu. Jua la saa saba na unyevu wa bahari humchosha anayekimbia kabla hajafika anakokwenda, kwa hiyo tunafuata upande wenye kivuli, na safari ndefu tunazisogeza hadi baada ya alasiri. Halafu kuna salamu. Katika Mji wa Kale huwezi kupita mbele ya baraza lenye wazee kimya kimya. Utatoa salamu, utaulizwa habari za nyumbani, nawe utauliza za kwao, na hapo ndipo watu wanapokujua. Mgeni anayeruka hatua hiyo hukaa mwaka mzima bila jirani wa kumgongea mlango akiumwa.

Basi ukialikwa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, saa kumi, toka saa tisa na nusu, hata kama nyumba ni mtaa wa pili.