Ukitaka kuchora utoto wako wa vitani, anza na handaki

Jumapili nilikuwa nasubiri chapati pale Kirumba, ukaingia ujumbe mrefu kweli kwenye simu. Binti mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wazazi wake waliikimbia vita ya Kongo, sasa anaishi hapa hapa Mwanza, upande wa Igoma. "Shikamoo Mwalimu. Kitabu chako cha katuni nimekimaliza usiku mmoja. Na mimi nataka kuyachora maisha yetu ya kambini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Chapati ilipoa nikikusoma. Nakujibu hapa kwa sababu si wewe wa kwanza kuuliza, na najua wengi mnaopita hapa mna daftari la michoro mmelificha chini ya godoro.

Kwanza mniache niringe kidogo. Nilichapa nakala 300 kwa hela ya kiinua mgongo (mama watoto bado hajanisamehe) na zimebaki 38. Kabla ya hapo mchapishaji mmoja, simtaji, alikaa na mswada wangu miezi kumi na minne, halafu akaniambia katuni ni za watoto na watoto hawanunui vita. Nilirudi kwa daladala nimeipakata bahasha kama mtoto mgonjwa. Leo kitabu kipo kwenye maktaba za shule tatu. Nasema tu.

Haya, kisa chenyewe. Mimi ni wa mwaka 1969. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 nilikuwa darasa la tatu. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, tuliisikilizia kwenye redio ya jirani, watu wamejaa mpaka barazani, na kesho yake sisi watoto tukaenda kumpiga Amin. Amin wetu alikuwa mnyaa nyuma ya choo. Tulimchapa mpaka utomvu ukamrukia mwenzetu jichoni, na sisi tukachapwa.

Nilipostaafu na kuanza kuchora, unadhani nilimchora huyo mnyaa? Wapi. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa 60 za vifaru, ramani, daraja la Kyaka likilipuliwa, na Amin na medali zake. Mimi kifaru sijawahi kukiona kwa macho yangu. Nilinakili kwenye magazeti ya zamani. Nikampelekea dada yangu, akafunua, akafunua, akaniuliza: "Sasa wewe uko wapi humu?"

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikakumbuka handaki.

Mtaani kwetu tuliambiwa kila kaya ichimbe handaki. Mwanza mnaijua: ukishuka futi mbili umegonga jiwe. Baba alipiga sururu siku mbili, mpini ukavunjika. Akaamua kulipasua jiwe kwa njia ya wazee, unalichoma kwa kuni mpaka liive, halafu unalimwagia maji ya baridi. Akawasha moto jioni. Balozi wa nyumba kumi akaja mbio, kanzu ameikunja mkononi: "Zima! Zima! Unamwonyesha Amin njia!" Handaki letu likaishia hapo, kina cha kiuno changu mimi mtoto. Mama alilitazama akasema hili ni la kuku. Na kweli, tetea mmoja alitotolea humo.

Nilipolichora hilo, kurasa nne tu, dada alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema sasa nakuona. Kurasa 60 nikazichoma.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndio huo: chora ulichokiona ukiwa na kimo kile. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilikuja kulipua ghala la mafuta hapa Mwanza. Ikakosa shabaha, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane, likaua swala. Mwanahistoria atakupa aina ya ndege. Mimi nilisikia mshindo nikadhani wanapasua miamba kwa baruti, na nilipoambiwa habari za wale swala nililia, maana shule ilishatuvusha kwa boti kwenda kuwaona na mmoja alinilamba chumvi ya jasho kiganjani. Kitabuni ndege haimo. Ulimi wa swala umo, ukurasa mzima.

Aliyenifungua macho ni mwanamke wa rika langu kabisa. Marjane Satrapi, Mwirani, naye amezaliwa 1969. Mpwa wangu aliniletea kitabu chake, *Persepolis*, kilichotoka Ufaransa kwa sehemu nne kati ya 2000 na 2003. Mwaka ule ule swala wetu wanakufa, kwao mfalme alishakimbia na mapinduzi yameshika nchi. 1980 ikaja vita na Iraq, ikaenda hadi 1988. Na yeye anaanzaje? Na katoto ka miaka 10, shuleni, kamevalishwa ushungi. Kila kitu cheusi na cheupe, mistari minene, sura nyepesi ambazo hata wewe ungesema naweza. Jaribu uone kama unaweza. Wazazi wanampeleka Vienna akiwa na miaka 14, na uzito wote wa mapinduzi na vita unaupima kwa yule mtoto mmoja.

Miaka miwili ya kuchora nairuka, haina hadithi. Unakaa, mgongo unauma, umeme unakatika. Penseli ya HB, kalamu ya wino mweusi, karatasi nene kutoka kwa wauza vifaa vya shule Makoroboi, basi. Msinidanganye eti mnasubiri kompyuta. Chora kila siku. Narudia: kila siku, hata kisanduku kimoja.

Sasa hili la mwisho nilitaka kulikwepa, ila binti ameniuliza waziwazi: niwaombe ruhusa nyumbani?

Baba yangu mdogo alikwenda vitani na mgambo. Jeshi lilikuwa na askari wasiofika 40,000, kwa miezi michache likavuka 100,000, naye akiwa mmoja wa hao waliochukuliwa na majembe yao bado yana udongo. Aliporudi alilala sebuleni kwetu. Usiku mmoja niliamka nikachungulia kwenye pazia. Amekaa jikoni pembeni ya jiko la mchina, koroboi inawaka, anafungua kamba za buti, anazifunga. Anafungua, anafunga. Machozi yanadondokea ngozi ya buti na yeye anayafuta kwenye buti, si usoni. Nilitazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Huo ni ukurasa wa 41, visanduku sita. Ndio ukurasa ambao kila mtu ananipigia simu kuusifia. Sikumwomba. Nilijiambia ni kumbukumbu yangu, macho ni yangu.

Nilimpelekea kitabu mwenyewe Nansio, kisiwani Ukerewe. Alivaa miwani, akasoma polepole, akacheka kwenye handaki, alimkumbuka hata yule tetea. Akafika 41. Akakaa hapo. Akafunga kitabu, akaita wajukuu walete chai. Tuliongea habari za mihogo. Nilipokuwa nainuka kuwahi meli akasema, bila kunitazama:

"Siku ile nilijua umelala."

Tangu hapo nikipiga simu anapokea, ananisalimu, anamuulizia mama watoto, anasema salio linaisha. Simu nimepiga mimi.

Kwa hiyo vijana, nisikilizeni. Mtu si mali ya kalamu yako kwa sababu ni ndugu yako. Kaeni nao, waonyesheni penseli kabla hamjatia wino, wakikataa waacheni na siri yao, tumezaliwa tukawakuta nayo. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba ningemwomba angekataa, na bila ukurasa ule kitabu kingekuwa cha kuku na swala.

Toleo la pili liko njiani, nakala 200. Mchapaji anataka kazi yote iwe kwake Ijumaa. Nimeshampa kurasa 1 hadi 40, na 42 hadi mwisho.